Kilomita Thelathini na Mbili na Wifi

Jumapili, 3 Machi

Kilomita kumi na mbili. Nimerudi nikakaa kwenye ngazi ya jikoni nusu saa nzima na viatu miguuni, kwa sababu kuinama kufungua kamba ni kazi nyingine. Nina miaka hamsini na mitatu. Nimegombana na mawaziri wawili na bodi nzima ya maji kwenye safu yangu ya gazeti, na sijawahi kuchoka hivi.

Naandika humu kwa sababu humu sitajibiwa.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, amefundisha hesabu sekondari miaka thelathini. Presha ya macho ilimla nuru kidogo kidogo, na mwaka juzi ikammaliza. Kaka yake akamfuata kwake, akafunga nyumba, akamleta kwetu na kumweka chumba cha nyuma, ambacho kilikuwa chumba changu cha kuandikia. Tangu siku hiyo haruhusiwi kuwasha jiko wala kufungua geti. Chai analetewa imeshapoa, asije akajiunguza. Funguo za nyumba yake ziko mfukoni mwa kaka yake.

Mwezi uliopita, mezani, alimwuliza kaka yake ni kitu gani hasa angetaka kukiona ndipo aamini kwamba anaweza kuishi peke yake. Mume wangu, akitaka maneno yaishe, akasema, "Wewe kimbia marathoni, dada, mimi sina neno tena." Hakujua anaongea na nani. Kesho yake asubuhi Wifi alikuwa ameshapiga simu klabu ya mbio. Marathoni ni Juni, lakini waandaaji hawampokei asiyeona mpaka kocha wa klabu athibitishe kwa saini kwamba yeye na mwongozaji wake wamekimbia pamoja kilomita thelathini na mbili, wamefungwa kamba moja, bila kusaidiwa wala kushikwa na mtu mwingine. Fomu zinafungwa tarehe 20 Mei. Wifi hapendi swali lisilo na masharti, kwa hiyo alirudi mezani akaweka yake: siku kocha atakapotia saini, yeye anapewa funguo. Mume wangu akakubali. Alidhani ni mbali.

Mwongozaji ni mimi. Sikujitolea kwa wema. Klabuni hapakuwa na mwanamke mwingine wa mwendo wake mwenye nafasi, na mimi nataka chumba changu.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Kilomita nane.

Kamba yenyewe ni kamba ya kiatu tu, ina vitanzi viwili. Mkono wangu wa kushoto, mkono wake wa kulia. Mikono inakwenda pamoja, miguu inakwenda pamoja, na ukichelewa nusu hatua unaona kamba inakukatia kifundo. Nimeishi na kaka yake miaka ishirini na mitano bila kulazimika kuoanisha hatua hivi.

Kocha wetu ni muuguzi mstaafu, klabuni wanamwita Dozi kwa sababu kila kitu anakitoa kwa vipimo. Leo ametupa kanuni moja akairudia mara tatu. Mwongozaji anataja pa kwenda, hataji hatari. Shimo likiwa kulia, sema "kushoto", basi. Ukianza kusema "angalia kuna shimo," ukimaliza sentensi mwenzako yumo shimoni.

Nilimwambia ni kanuni nyepesi. Akaniangalia kama mtu anayesoma joto la mgonjwa.

Jumapili, 17 Machi

Kumi na sita. Tumebishana kilomita tisa juu ya neno moja. Nimewahi kuandika makala tatu kulaani neno "kipofu", nikataka magazeti yote yaseme "mwenye ulemavu wa kuona". Wifi aliniachia nikamaliza hoja zote, kisha akasema, "Kipofu ni silabi tatu, Wifi. Hilo lenu ni kumi. Nikiwa barabarani na lori linakuja, unaita lipi?"

Nilikasirika mpaka kilomita ya kumi na nne.

Tuliposimama kunywa, muuza maji aliniuliza mimi kama huyu anapenda ya baridi. Wifi akamjibu kwamba huyu anapenda ya baridi, na huyu ana masikio.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi.

Jumapili, 31 Machi

Ishirini na moja. Magoti yananigongea usiku kama mtu aliyesahau ufunguo.

Nimegundua kwamba anahesabu. Nilidhani akinyamaza anapumzika. Kumbe anahesabu hatua. Kutoka geti letu hadi ukuta wa hospitali ni mia tisa na arobaini. Kutoka ukuta hadi kiwanda cha unga ni elfu mbili na kidogo, na hilo "kidogo" linamkera. Ana mji mzima kichwani, kwa tarakimu. Mimi ninayeona nilipita pale kiwandani miaka kumi bila kujua kwamba barabara inapinda.

Jioni nilimsomea makala ya wiki hii, ya mifereji. Niliridhika nayo. Alisikiliza hadi mwisho akaniuliza, "Sasa wanaotaka kupita wapite wapi?" Nikamwambia hiyo si kazi yangu. Akasema, "Ndiyo maana. Miaka yote nakusoma, naona mashimo tu."

Mume wangu alicheka sana. Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya magoti.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua, nane tu. Hatukuongea.

Jumapili, 14 Aprili

Naandika kabla sijavua viatu.

Leo zilikuwa ishirini na tano. Mvua ilikuwa imekatika, lakini maji yamejaa barabarani na huwezi kujua dimbwi lipi lina kina. Hadi kilomita ya kumi na nane tulikwenda vizuri kuliko siku zote. Kisha sijui nani alianza, labda mimi, tukafika kwenye jambo ambalo halijawahi kutajwa baina yetu. Ni kile kikao cha familia, miaka ishirini na mitano iliyopita, ambamo yeye alisimama akasema kaka yake asinioe kwa kuwa mdomo wangu hauna breki.

Nimelibeba neno hilo robo karne. Nilikuwa na majibu yaliyopangwa kama vyombo kabatini. Nikamwuliza: nyumba ya nani imevunjika? Yangu au yako? Yeye aliachwa na mume mwaka wa sita wa ndoa. Najua. Nilijua nilipokuwa nasema. Nilikuwa nashinda, na mtu akishaanza kushinda huwa hatazami chini.

Mbele, upande wake, palikuwa pameondolewa mfuniko wa mtaro. Nililiona shimo nikapiga kelele, "Kushoto!"

Nilitaka kusema shimo liko kushoto.

Yeye alifanya alichofundishwa. Aliambiwa kushoto, akaenda kushoto, kwa mguu wa uhakika, bila kusita hata chembe. Kamba ilikatika. Niliisikia kabla ya kumsikia yeye.

Mtaro haukuwa mrefu, unafika kiunoni. Goti limepasuka, nyuzi sita. Hospitalini muuguzi alimshona huku akiniuliza mimi kama anasikia maumivu. Safari hii Wifi hakumjibu.

Mume wangu alifika mbio, shati limefungwa vifungo vibaya. Akauliza imekuwaje. Wifi alikuwa amegeuzia uso ukutani. Mimi nikasema, "Aliteleza."

Neno moja tu. Nimeishi kwa maneno maisha yangu yote na sikuwahi kuona moja dogo namna hiyo likifanya kazi kubwa namna hiyo. Mume wangu alishusha pumzi akasema basi, imetosha, ameona kwa macho yake, mtu anayeteleza kwenye njia iliyonyooka mchana kweupe hawezi kukaa peke yake na jiko na kisu. Mambo ya mbio yameisha, na ya nyumba hali kadhalika.

Wifi hakusema niliita nini. Nilingoja aseme, nikawa tayari kujitetea. Hakusema.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 18 Aprili

Chai yake imepelekwa imepoa. Nimeipeleka mimi.

Jumanne, 23 Aprili

Safu ya wiki hii nimeichelewesha mara mbili. Ilikuwa juu ya afisa mmoja aliyemsingizia dereva wake ajali. Nimeiandika, nikaifuta. Mhariri akapiga simu kuuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni miguu.

Ijumaa, 26 Aprili

Ametolewa nyuzi. Anazunguka uani akigusa ukuta kwa vidole, mzunguko baada ya mzunguko. Mume wangu amemwambia akae asijichoshe. Anakaa. Kaka akiondoka anainuka.

Dozi amekuja kumwangalia goti. Alipotoka alinisimamisha getini akaniuliza, kwa sauti ya chini ya wodini, kama Wifi aliteleza kweli. Nikamwambia njia ilikuwa na maji. "Sikuuliza hali ya njia," akasema, akaenda zake.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Sijakimbia siku kumi na sita na nimechoka kuliko nilipokuwa nakimbia.

Alhamisi, 2 Mei

Nimesema.

Mume wangu alikuwa anapiga pasi shati la kazini. Sikutafuta mlango wa kuingilia. Nilimwambia dada yake hakuteleza. Shimo lilikuwa kushoto, mimi nikasema kushoto, na yeye akaenda nilikomwambia. Nikamwambia na tulichokuwa tunabishania, na nilichomwambia juu ya ndoa yake.

Alisimamisha pasi wima. Nilikuwa na utetezi wa aina tatu, mmoja mzuri kabisa. Nilipomtazama wote ukapukutika.

"Karibu wiki tatu," akasema. "Karibu wiki tatu namfungia dada yangu ndani kwa kosa lako."

"Ndiyo."

"Na yeye mbona hakusema?"

Alitoka akaenda chumba cha nyuma. Nilimfuata mpaka koridoni. Mlangoni alisita, kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu amlete hapa: akabisha hodi. Siku zote huwa anasukuma tu, maana dada yake haoni. Wifi akaitikia karibu, nadhani kwa mshangao.

Alimwuliza kwa nini alinyamaza. Wifi akamjibu taratibu, kama anayeeleza mwanafunzi aliyekosa darasa:

"Ungemwamini nani, mdogo wangu? Mimi, au yeye anayeona?"

Nilirudi jikoni. Pasi ilikuwa bado ina moto, nikamalizia shati.

Ijumaa, 3 Mei

Makubaliano yamerudi, kwa sharti jipya. Wifi atakimbia, lakini si na mimi. Mume wangu amelisema bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma. Nimesema sawa. Sidhani kama amewahi kunisikia nikisema sawa mara moja tu.

Jumapili, 5 Mei

Dozi amempatia dada mmoja mfanyakazi wa posta, aliyejiunga klabuni mwezi huu, ana mapaja kama nguzo na hatoi neno lisilo na kazi. Wamekwenda kumi na sita. Mimi nimekimbia nyuma yao hatua hamsini, peke yangu, mkono wa kushoto ukining'inia bila kujua la kufanya.

Jumatano, 8 Mei

Wifi ameniita chumbani kwake. Alikuwa ameketi kwenye meza iliyokuwa yangu, anajipaka mafuta miguuni. Akaniambia dada wa posta anamwongoza vizuri sana, kama lifti: anapanda, anashuka, mlango unafunguka, hajui alipopita. Kisha akasema anataka nirudi, na kaka yake ameshakubali.

Nilimwambia asifanye mzaha. Yule hajamwangusha.

"Ndiyo maana," akasema. "Miaka thelathini nimesimama ubaoni. Mwanafunzi aliyekosea swali mbele ya darasa zima, lile swali halikosei tena mpaka kufa. Yule wa posta bado hajakosea. Sijui atalikosea wapi."

Nikamwambia kwamba lile la ndoa yake nililisema nikijua. Akafunga kopo la mafuta.

"Na mimi kile kikao nilisema nikijua. Tumelipana. Ila nina sharti langu. Hizo thelathini na mbili, kinywani mwako nataka barabara tu. Kulia, kushoto, panda, shuka. Ukitoa hoja moja, nakata kamba mwenyewe."

Jumapili, 12 Mei

Ishirini na nne. Kulia, kushoto, panda, shuka. Goti lake limevimba. Hakulalamika, nami sikuruhusiwa.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua tangu Jumatatu. Kucha imetoka.

Jumapili, 19 Mei

Nimelala chali kwenye godoro na miguu juu ya mito miwili, naandika nikiwa nimeegemeza daftari tumboni. Nataka niandike kabla sijasinzia.

Tulianza saa kumi na moja alfajiri. Mzunguko wa kilomita nane mara nne: ukuta wa hospitali, kiwanda cha unga, gereji, kurudi uwanjani. Kesho fomu zinafungwa, kwa hiyo hapakuwa na siku nyingine. Dozi alitusubiri uwanjani na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Alipotufunga kamba alisema mbele yetu wote na mbele ya kaka mtu: yeyote atakayemgusa kabla ya mstari, hata kwa kumpa pole, yeye hatii saini.

Mzunguko wa kwanza, mvua nyembamba. Wa pili, ikakolea. Kulia kidogo. Nyoosha. Panda, ngazi moja. Shuka. Sikujua kuna maneno machache namna hii ya kuishi nayo. Mwanzoni hoja zilinijia kama nzi: pale walipotoa mfuniko wa mtaro wakaweka tawi la mti, pale walipojenga kibanda katikati ya njia ya waenda kwa miguu. Nilizimeza moja moja. Kufika kilomita ya kumi na tano hazikuja tena. Macho yangu yalikuwa yakitafuta sehemu moja tu, pale mguu wake wa kushoto utakapotua. Nilikuwa nakimbia kwenye mguu wa mtu mwingine.

Mzunguko wa tatu sikumbuki vizuri. Nakumbuka viatu vikikamuka maji. Nakumbuka nyonga.

Kilomita ya ishirini na saba, karibu na gereji, hatua zake zikafupika. Niliisikia kwenye kamba kwanza. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Wifi, nimepoteza hesabu."

Mtu asiyejua angeona ni jambo dogo. Lakini mji wote ulikuwa kwenye hesabu ile. Ghafla hakuwa popote. Aliinua mkono wake wa bure mbele ya uso, kama mtu aliyezimiwa taa sasa hivi, na akaanza kusimama.

Nilimwambia tuko gereji, njia imenyooka. Haikusaidia. Akasema, "Ongea. Gomba na mimi. Chochote."

Nilitafuta. Naapa nilitafuta. Miaka ishirini na mitano ya ugomvi, na mfukoni hamna kitu.

"Sina, Wifi. Nimechoka."

"Hata serikali?"

"Hata serikali."

Akacheka, kicheko kibaya kilichokatwa na pumzi, lakini miguu ilikuwa bado inakwenda. Nikaanza kuhesabu badala yake, kwa sauti. Moja, mbili, tatu, kila mguu wa kushoto ukitua. Nikifika mia nasema mia, narudi mwanzo. Kwenye mia ya nne alinisahihisha, nilikuwa nimeruka sitini na saba. Kwenye mia ya tisa akachukua hesabu mwenyewe, nami nikabaki na barabara.

Palikuwa na shimo upande wake kwenye njia ya kurudi uwanjani, limejaa maji ya kahawia hadi ukingoni. Nikasema, "Kulia." Akaja kulia. Tulipita. Hakujua, na sikumwambia.

Tulipoingia uwanjani mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu. Saa nne na dakika thelathini na moja tangu tuanze. Goti lake halikuwa likikunjika tena, alilivuta kama anavyovuta mtu gunia. Dozi alikuwa nyuma ya mstari wa chaki uliobakia nusu, kalamu mkononi.

Na mume wangu alikuwa upande wa kwetu wa mstari. Nadhani hakujijua. Alikuwa amemwona dada yake anavyochechemea, miguu ikamleta mbele yenyewe. Alisimama katikati ya njia, taulo limefunguliwa mikononi, analia bila kujifuta. Dozi alimwita. Hakusikia. Wifi alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye taulo lile.

Akaniuliza, "Mbele kuna nini?"

"Mstari, hatua ishirini. Kaka yako amesimama kati, ametandaza taulo akupokee."

Aliendelea kuhesabu hatua tatu.

"Mwambie apishe njia."

Nilimwambia.

Akapisha.